Mashine ya Binti Yangu na Mji Uliokuja Wenyewe

Miji naijua. Sisemi nimeisoma, nasema naijua, kama mtu anavyomjua ng'ombe wake hata akimwona kwa mbali. Shule niliiacha darasa la nne nikaenda Maganzo kuchekecha mchanga wa almasi, na tangu hapo nimeona miji mingi ikizaliwa na mingi ikifa. Nikikuta pori lina vijana wachache na sululu, nakwambia nani anafuata. Anafuata mama wa chai. Hajaitwa na mtu, lakini anakuja na sufuria kichwani. Halafu anakuja mwenye jenereta ya kuchajia simu, halafu bodaboda, halafu mitumba. Mwisho wanafika mganga na mhubiri, na wote wawili wanagombea kivuli kimoja. Mimi nilikuwa naingia baada ya bodaboda na kabla ya mhubiri, na mashine yangu ya kusaga. Watu wakishakuwa wengi hawaishi kwa maandazi. Wanataka ugali.

Kituo tunachoishi sasa, upande wa Kharumwa, nilikianzisha mimi. Lori lililobeba mashine yangu lilivunjika ekseli hapo. Nikaishusha, nikaifunga palepale, nikaanza kusaga. Watu wakaja. Leo kuna msikiti, kuna kanisa, kuna duka la dawa, na kuna vijana waliozaliwa hapo wanaonipita bila kuniamkia, hawajui kwamba bila mimi wasingekuwa na pa kupita.

Mashine ile nilimpa binti yangu wa mwisho alipoachana na mume wake na kurudi nyumbani na watoto. Yule mwanaume simtukani hapa, ni baba wa wajukuu zangu. Nitasema tu kwamba alipenda kulala mchana na kugomba jioni. Binti alishika mashine akasimama. Alijua kubadili mkanda, alijua kusikiliza injini, na wateja walimpenda kwa sababu hapunji unga.

Kisha umeme ukaja, na ukaja vibaya. Nguzo zilitoka njia panda ya barabara kubwa, zikakatisha mgongo wa mawe uliokuwa shamba langu la zamani la pamba, zikateremka bondeni kwenye kisima cha pampu. Kituo chetu zikakiacha pembeni kama mgonjwa wa ukoma. Wakati huohuo maduara, yale mashimo ya dhahabu ya karibu nasi, yalikuwa yamekauka, wachimbaji wanahama, na dizeli inakula kila kinachoingia. Mashine ilikuwa lazima ihamie kwenye umeme. Swali lilikuwa wapi, na swali hilo huulizwi mara mbili. Zege likishamwagwa, bolti zikishakaa na waya ukishavutwa, huna tena nguvu ya kuanza kwingine.

Na kila baada ya mavuno wajumbe wa yule mwanaume walikuwa wanakuja kumwomba arudi. Binti aliniambia wazi, huku anafunga kiroba cha pumba.

"Baba, mashine hii ikilala, watoto hawa nitawalisha nini? Itabidi nirudi kule."

Hakulia wala hakupandisha sauti. Ndiyo maana niliogopa.

Jibu nilikuwa nalo: bondeni, kisimani. Wanawake wote wanafika pale kuchota maji. Anayekwenda na ndoo anaweza kwenda na mahindi. Nilikuwa tayari kumwita fundi wa zege, na hapo ndipo mjukuu wangu, mtoto wa kifungua mimba wangu, alipoteremka kutoka Dar es Salaam na begi la mgongoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu. Umekonda. Huko chuoni hawali?"

"Tunakula, babu. Mume gani anaanza na kukosoa?"

"Mume aliyetoa ng'ombe."

"Ng'ombe wapi? Mimi hata mbuzi sijamwona."

Huyu anasomea hesabu chuo kikuu. Nilipomuuliza hesabu za nini, akasema hesabu za namna miji inavyojipanga na kukua. Nikamwambia amepoteza nauli, angekuja tu kwangu tangu mwanzo. Akasema ndicho alichofanya, amekuja. Huyo ndiye mjukuu wangu.

Alasiri ile alifungua kompyuta yake juu ya kigoda, sisi tumekaa pembeni tunatafuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Kioo kilikuwa cheusi na kina nukta nyeupe zimetawanyika kama mtama uliomwagika.

"Hizi ni nini?" nikamuuliza.

"Watu."

"Mbona hawana miguu?"

"Hawaihitaji. Kila nukta inafuata kanuni tatu tu. Inapenda kukaa karibu na watu, inapenda kukaa karibu na njia, na haipendi kubanana na anayeuza kitu kilekile inachouza."

"Nani amekwambia hayo?"

"Ni makisio, babu. Tunayajaribu, halafu tunaangalia kama mji unaotokea unafanana na miji ya kweli."

Akabonyeza. Nukta zikaanza kusogea, kwanza ovyo, kisha chache zikashikamana na nyingine zikazifuata. Katikati yao ukabaki uwazi mrefu, na uwazi ule ukawa barabara, na pande zake nukta zikajipanga kama vibanda. Nikasogelea kioo. Ilikuwa rashi hasa, ile mbio ya watu inayoanza mahali dhahabu inapotajwa. Kidogo ninuse mafuta ya maandazi.

"Hakuna anayeziamuru?"

"Hakuna."

"Hata mwenyekiti wa kijiji?"

"Hata yeye."

"Basi hapo kompyuta imesema kweli," binti yangu akadakia, na tukacheka wote.

Mjukuu akaanza upya, nukta zilezile, kanuni zilezile. Safari hii mji ukaota kwenye kona nyingine kabisa. Nikamuuliza imekuwaje.

"Ndivyo ilivyo. Mwanzoni kabisa jambo dogo tu linaamua. Nukta moja ikikaa hapa badala ya pale, nyingine zinaifuata, na mji ukishakuwa mkubwa hauhami tena kirahisi. Ni kama ekseli ya lori lako."

"Lori langu limefanya nini?"

"Lingevunjika mbele kidogo, kituo hiki kingekuwa mbele kidogo."

"Kituo kiko hapa kwa akili yangu."

"Na ekseli, babu."

"Ekseli haisagi unga."

Binti yangu alicheka mpaka akapaliwa na michembe. Mimi jioni ile ugali haukupita vizuri. Miaka yote nimehadithia habari ya lori lile, na hakuna aliyewahi kuisifu ekseli.

Siku zilizofuata mjukuu aliingiza mahali petu kwenye kompyuta: kisima, njia panda, nguzo, vijiji vya huku na vya nyuma ya mgongo. Alikaa na wanawake akiwauliza wanapita wapi wakienda wapi. Kisha akaja na jibu lake. Nukta hazikukusanyika kisimani, wala njia panda. Zilikusanyika juu ya mgongo wa mawe, katikati ya shamba langu.

"Pale haikuota hata pamba," nikamwambia.

"Hesabu haijui pamba. Pale ni katikati ya watu wa nyuma na barabara kubwa, na kisima hakiko mbali."

"Na miiba je? Pale hapiti hata mbuzi. Watu wa nyuma wanazunguka mlima mzima."

Akakuna kichwa. "Miiba sikuiweka. Nukta zangu zinapita popote."

"Basi nukta zako zina ngozi ngumu."

Binti yangu alitutazama, mimi kisha yeye. "Kwa hiyo mmoja ananipeleka kisimani na mwingine ananipeleka miibani. Mashine ni moja, jamani."

Tukakubaliana kwenda kupima. Asubuhi mjukuu alitangulia na fimbo ndefu yenye kifaa juu kama uyoga, cha kujua umesimama wapi duniani. Mimi nilibeba panga na vigingi vilivyofungwa vitambaa vyekundu. Yeye akisema hapa, mimi napigilia. Jua lilipokuwa kali nikakaa juu ya mwamba nipumzike, na hapo miguuni nikaona jiwe lina mstari wa kutu.

Sasa elewa. Mchimbaji yeyote wa huku akiona jiwe lina mstari wa kutu analilamba. Jiwe likilowa ndipo linaonyesha kama limebeba kitu. Ulimi wangu unafanya hivyo wenyewe, hauniombi ruhusa. Nikainama nikaliokota, nikalilamba, nikaliinua juani, nikaligeuza. Tupu. Ningelitupa, mambo yangeishia hapo, lakini lilikuwa bapa na laini, nikaona litafaa kunolea kisu. Nikalitia mfukoni.

Chini barabarani kulikuwa na bodaboda amesimama kurudisha mnyororo wa pikipiki yake. Fikiria alichoona. Mzee anayejulikana kwa kujua mawe, msichana wa mjini na kifaa kwenye fimbo, vigingi vyekundu vimepangwa, jiwe limelambwa, limetazamwa, limetiwa mfukoni. Kwa mtu wa huku hapo hakuna cha kuuliza, ni dhahabu.

Kesho yake sijamaliza chai, upepo ukaleta mlio wa sululu. Nikapanda shambani. Wamejaa. Wametoka Kharumwa, wametoka upande wa Bulyanhulu, pikipiki zinashusha maturubai na makoleo, na miiba inafyekwa kwa kasi ambayo sijapata kuiona wakati wa pamba.

"Vijana," nikawaambia, "hapa hakuna kitu."

"Sawa, mzee."

"Nasema hakuna. Lile jiwe lilikuwa tupu."

"Tumekuelewa, mzee wetu. Hakuna," akajibu aliyekuwa karibu, na akaendelea kuchimba.

"Sasa unachimba nini?"

"Nachimba hichohicho ambacho hakipo."

Wenzake wakacheka. Mwingine akaniuliza, "Na yule mtaalamu alikuwa anapima nini?"

"Alikuwa anapima mji."

Hapo walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mjukuu akajaribu naye. Akawaambia yeye ni mwanafunzi wa hesabu tu.

"Ndiyo, dada," kijana mmoja akamjibu kwa adabu. "Hesabu ya gramu ngapi?"

Kwa kawaida mwenye shamba hudai fungu lake kwenye mawe yanayotoka. Nikawatangazia kwamba mimi sidai chochote, wachimbe mpaka wachoke. Nilidhani hilo litawafungua macho. Kumbe niliharibu zaidi, wakasema mzee ameshachukua lake usiku. Mchana watu wakaongezeka.

Mjukuu wangu alikuwa amekaa juu ya mwamba uleule, mikono kichwani. "Babu, umeniharibia utafiti. Nilitaka kuona mji unavyojipanga bila mtu kuusukuma. Sasa sisi ndio tumeusukuma."

"Mimi nimelamba jiwe langu kwenye shamba langu."

"Safari hii ekseli ni ulimi wako."

Mara mama wa chai akatokea na sufuria kichwani. Tunafahamiana toka rashi nyingi, amenizeekea machoni. Akaniamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba," nami nikamwitikia. Mjukuu akaruka juu, akafungua kompyuta. "Tusimwambie kitu," akaninong'oneza. "Tuone atakaa wapi."

Mama wa chai hakukaa kwenye kundi. Alilipita, akatazama upepo, akateremka kidogo mpaka pale njia mpya ya kutoka nyuma ilipokutana na njia ya kisimani, chini ya nguzo ya umeme. Akaweka mafiga. Mjukuu akanigeuzia kioo. Nukta ya mama wa chai ilikuwa karibu na palepale, umbali wa mtu kumpa mwenzake kikombe. Nikasema amebahatisha. Tukamfuata kumuuliza mwenyewe mbona hakukaa kwenye watu.

"Kwenye watu kuna vumbi na matusi," akasema. "Mimi nakaa wanapokuja kupumulia."

"Kanuni hiyo sina," mjukuu akasema, akaanza kuiandika.

Jioni binti yangu akapanda, nywele nyeupe kwa unga. Akasimama, anatazama. Nilijua anachowaza, nikamuwahi.

"Usithubutu. Dhahabu hakuna. Watachimba siku chache, watakunja maturubai, na wewe utabaki unawasagia mijusi."

"Hesabu haiulizi kwa nini walikuja, shangazi," mjukuu akasema. "Inauliza kama kabla hawajaondoka itapatikana sababu nyingine ya watu kupita hapa."

"Itapatikana?"

"Nikiendesha mara nyingi, mara nyingine mji unabaki, mara nyingine unakufa. Sitakudanganya."

"Chuo kizima, na hujui," nikamwambia.

"Ningejua, babu, ningekuwa nimeshanunua kiwanja."

Binti yangu hakutusikiliza sana. Alikuwa anatazama miguu. Wanawake wa kijiji cha nyuma walikuwa wanakuja na ndoo zao moja kwa moja, wanapita kati ya mashimo, mahali ambapo juzi mbuzi angeacha ngozi. Akamsimamisha mmoja, akamwita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, leo umepita huku?"

"Wamefyeka. Nizunguke nini tena?"

"Na mahindi unasagia wapi?"

"Hukohuko nilikokuwa nazunguka. Natoka na umande, narudi na jua la utosi."

Binti akateremka mpaka kwenye nguzo. Akasogea upande mmoja wa njia, akanusa upepo, akasogea tena ili vumbi la unga lisiingie kwenye chai ya watu. Kisha akakanyaga chini kwa kisigino.

"Baba, nipe hapa."

"Na ukiharibikiwa?"

"Nikiharibikiwa nitakuwa nimechagua mwenyewe. Kwa yule mwanaume mlinichagulia nyinyi."

Mama wa chai akajifanya anapuliza moto. Mjukuu akajifanya anatazama kompyuta. Mimi nikachukua panga nikaanza kusafisha mahali pa msingi.

Dhahabu haikupatikana, kama nilivyosema. Nani aliniomba radhi? Hakuna. Zege lilikuwa bado bichi, limefunikwa magunia, na wachimbaji wakaanza kuondoka, leo hawa, kesho wale, maturubai juu ya pikipiki. Binti yangu alipanda asubuhi na jioni kumwagilia zege maji, na kila akipanda anakuta kelele zimepungua. Alimwaga maji, akafunika tena magunia. Nami kwa mara ya kwanza maishani nilinyamaza bila kuombwa, nikawa nafukia mashimo ili mbuzi wa watu wasitumbukie.

Siku mota ya umeme ilipowashwa hakuwepo hata mteja mmoja. Aliwasha hivyo hivyo, akasaga mahindi yetu. Mama wa chai ndiye aliyebaki, kwa sababu bodaboda walikuwa wamezoea kukaa kwake, na bodaboda walizoea kukaa kwake kwa sababu wanawake wa nyuma walikuwa wanatokea hapo na mizigo. Kelele ya mashine ikasikika mpaka ng'ambo. Mchana akaja mwanamke mmoja na debe. Kesho yake akaja na majirani zake. Halafu akaja kinyozi, halafu mwenye kibanda cha kuchajia simu. Akaweka kibanda mbali kidogo na kinyozi, kwa kuwa kinyozi naye alikuwa anachaji simu za wateja. Hakuna aliyemwambia akae hapo. Nilimtazama tu, nikakumbuka nukta.

Mjukuu alikuwa amerudi chuoni. Akanipigia simu.

"Babu, nimeongeza kanuni mbili. Ya kwanza, nukta inapenda mahali pa kupumulia. Ya pili, nukta ikiona mwenzake ameinama, inasogea kuangalia."

"Na mji unatokea?"

"Mara nyingine."

"Mwambie mwalimu wako aliyeinama ni mimi."

"Nimeshamwambia. Ameuliza kama jiwe unalo bado."

Ninalo. Nanolea kisu.

Baada ya mavuno wajumbe wakaja, wazee watatu wa ukoo wa yule mwanaume, wamevaa makoti. Walifika kwanza kituo cha zamani, wakaelekezwa huku juu. Wakapanda kwa njia ile ya wachimbaji. Kwetu wazee wakija na maneno, mashine huzimwa, watu hukaa, salamu huchukua muda wake. Binti yangu alipiga goti akawaamkia mmoja mmoja, akawaonyesha benchi la mama wa chai, akarudi kwenye foleni. Mashine hakuizima.

Wakakaa. Wakanywa chai. Foleni ikawa inapungua, halafu kundi lingine linatokea nyuma na viroba kichwani, inajaa tena. Mkubwa wao akanisogelea sikioni.

"Tumekuja kwa ajili ya mama watoto!"

"Unasemaje?"

"Mama watoto! Arudi nyumbani!"

Nikamwonyesha mashine kwa kidole, nikatikisa kichwa. Nilisikia vizuri sana. Akaagiza chai nyingine.

Jua lilipoanza kulala wakasimama waage, kwa sababu njia ni ndefu. Binti yangu akawaletea kila mmoja kifuko cha dona, bado ya moto, akasema ni ya wake zao. Mkubwa wao akakipima mkononi. Akatazama nguzo, akatazama foleni.

"Hapa zamani palikuwa pori," akaniambia.

"Palikuwa shamba langu," nikamjibu.

Wakapanda bodaboda, na unga mapajani. Mama mmoja mwenye kiroba, aliyekuwa mbele kwenye foleni, akauliza kama leo watafunga mapema. Binti yangu akamwambia asogeze kiroba.